Picha ya Mtu Aliyefika

Mpendwa Mama,

Najua si wewe unayesoma. Miwani yako ilikaliwa na mtu wiki ileile uliyorudi Kitale, na hata kabla ya hapo ulikuwa ukilalamika kwamba nina mwandiko wa daktari bila mshahara wa daktari. Anayesoma ni Shangazi Roda, na nikimjua vizuri amesimama katikati ya sebule badala ya kukaa, ameshakohoa kusafisha koo, na watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Shangazi, salamu zako na asante. Soma polepole, na usiruke ukifika mahali penye aibu.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Tangu mwezi wa tatu jamaa wananiuliza maswali mawili: mtoto yuko wapi, na mbona kwenye kikundi cha familia kwenye simu natuma picha za ndege tu. Wapo waliofikiri uzazi umenipanda kichwani. Wapo waliokulaumu wewe, Mama, kwamba huyu ni bibi gani asiyetaka hata kuona picha ya mjukuu wake. Leo najibu, na kila mtu asikie. Utaona pia ndani ya bahasha hii kubwa kuna nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi na kuizungushia selotepu. Hiyo asiiguse mtu ila wewe, na wewe pia ungoje kwanza.

Nianze na Jumamosi niliyokupigia simu. Nilisema, "Mama, tumefika nyumbani." Nikawasikia kuku wako, nikasikia mtu akikata kuni, kisha ukasema, "Haya," ukakata simu. Mkweo Simiyu akauliza, "Mama amesema nini?" Nikamwambia amesema haya. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, kwa sababu wote wawili tulijua ile haya ilikuwa na miezi mingapi ndani yake. Tangu siku hiyo mabega yangu yameshuka. Nilikuwa nimeyabeba karibu na masikio tangu Machi bila kujua.

Unakumbuka ulivyokuja theluji ikiwa bado barabarani? Ulishuka uwanja wa ndege wa Birmingham umevaa sweta mbili, leso kiunoni, na viatu vya kanisani. Ulikuja kwa sababu mimba hii tulikuwa tunaichunga kama yai. Mara mbili zilizotangulia nilikuwa nimenunua vitu vya mtoto mapema, na mara mbili Simiyu alivirudisha dukani bila kuniambia. Safari hii ukasema utakuja mwenyewe usimame mlangoni.

Na mlangoni ndiko matatizo yalikoanzia. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, na mmoja akiingia kwa mlango huu, mwingine anatafuta mlango ule. Desturi hii ilitungwa na watu wenye boma. Haikutungwa kwa nyumba ya Small Heath yenye sebule moja, ngazi nyembamba na choo kimoja. Kulala ulikubali baada ya kufikiri siku nzima, ukakata shauri kwamba nyumba ya kupanga ni ya mwenye nyumba, si ya mkwe, kwa hiyo hukulala kwa mkwe wako. Lakini kukaa naye sebuleni, hapana. Ukisikia ufunguo wake mlangoni akitoka kazini, kwenye maghala ya Washwood Heath, ulikuwa ukibeba kikombe chako cha chai na kutokea mlango wa jikoni hadi uani, kwenye kile kiti cha plastiki, ndani ya koti langu la zamani.

Simiyu alikuwa akisimama jikoni, wewe uko hatua mbili nje ya mlango ulio wazi, na ananiambia mimi, "Nanjala, mwambie Mama kuna baridi sana huko nje, arudi kwa heater."

Nawe hata hukungoja nikuambie. "Mwambie nimezoea."

"Mwambie hii baridi si ya Kitale."

"Mwambie yeye baridi ya Kitale haijui."

Nilikuwa redio katikati yenu. Na Bi Nasim wa nyumba ya pili, aliyezaliwa Kisumu na kukulia dukani kwa baba yake, akachungulia juu ya ukuta. "Wewe mama, nakaa nje namna hii kwa nini? Nyumba iko, moto iko." Ukamjibu kwamba mkwe wako yuko ndani. Akatikisa kichwa akasema, "Ah. Hiyo najua," na akakuletea blanketi.

Ni katika siku hizo Dada Everlyne wa kanisani alipotuletea kigari cha mtoto, kizima kabisa, chenye kifuniko cha buluu kinachokunjwa. Ulimkuta mlangoni naye ameshakiinua kukiingiza. Ukasimama mbele yake. "Hicho kitaingia na mwenyewe," ulisema. Everlyne naye ni mtu wa Bungoma, hakuuliza swali. Alikizungusha kwa njia ya nyuma akakisukuma ndani ya kile kibanda cha uani ambacho upepo ulibeba mlango wake. Kikakaa humo pamoja na reki na ndoo za rangi za mwenye nyumba, na mimi nikashukuru kwamba siwezi kukiona nikiwa kitandani.

Kisha mtoto akaja kabla ya miezi yake. Unajua siku ile, sitaisimulia. Uzito wake ulikuwa nusu pakiti ya unga. Wakamweka kwenye kile kisanduku cha joto, mirija puani, waya kifuani, na karatasi iliyoandikwa jina langu kwa sababu yeye hakuwa na la kwake. Sisi tulimwita Mgeni. Wewe ulikuwa umeshikwa na kikohozi cha theluji kisichokwisha, na manesi walisema mtu mwenye kikohozi asikaribie wodi ile. Ulisema, "Hata mimi ningejikataza," na hukulalamika.

Jioni ya pili nilirudi nyumbani na simu imejaa picha zake. Ulikuwa unapika ugali. Nikakunyooshea simu. "Mama, mwangalie."

Uligeuzia uso wako sufuria. "Weka simu."

"Ni mzuri, Mama."

"Najua ni mzuri. Weka simu." Ukaendelea kusonga. "Picha hupigwa mtu aliyefika. Huyu bado yuko njiani."

Nilikasirika, Mama. Mimi ndiye mpiga picha wa kila harusi ya Wakenya kanisani kwetu, nimepiga picha watoto wa watu wote wakibatizwa, na mama yangu mzazi hataki kumtazama wangu. Nilipanda juu nikalia kwenye taulo. Wale mliomlaumu Mama, jueni kwamba nami nilikuwa mmoja wenu, tena wa kwanza.

Asubuhi ukaniita kutoka uani kwa sauti ile uliyokuwa ukiitumia tukiwa kanisani. "Nanjala, kuja uone. Polepole, vua hivyo viatu."

Ulikuwa umesimama kando ya kibanda ukiangalia kigari. Kwenye kona ya kile kifuniko cha buluu kilichokunjwa palikuwa na bakuli la majani makavu na nywele, na ndani yake alikuwa ameketi ndege mdogo mwenye kifua chekundu anayeitwa robini huku. Alikuwa anatutazama kwa jicho moja jeusi bila kujitikisa. Ulinishika mkono ukanirudisha nyuma kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe.

"Amejenga kwa gari ya mtoto," ulinong'ona. "Umeona huyu? Hajaogopa kununua mapema." Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu hospitali.

Tulikumbuka wote wawili jambo moja, nadhani. Yule chozi wa Kitale, ndege mdogo anayenyonya maua, aliyejenga kwenye waya wa kuanikia nguo, nikiwa darasa la pili. Kiota kilining'inia pale karibu na jiko kama soksi ya mtoto, na ulihamisha nguo za nyumba nzima kwenye ua wa michongoma, mpaka baba akaenda kazini na miba kwenye kola. Alipiga picha moja kwa ile kamera yake ya filamu. Chozi alitoka kidoa kimoja cheusi, na baba alikuwa akiwaonyesha wageni akisema, "Ndiye huyo, mtazame vizuri." Picha ile bado iko ukutani kwako. Shangazi, inua macho, iko kulia kwa saa.

Nikaenda kuleta kamera yangu, na nikaharibu siku ile kabisa. Niliweka lenzi karibu na kifuniko, kibandani kuna giza, taa ya kamera ikawaka yenyewe. Robini aliruka akapita sikioni mwangu. Hakurudi tulipokunywa chai, hakurudi tulipokula. Mayai yalikuwa pale, meupe yenye madoa ya kahawia, yanapoa. Hukunikemea kwa sauti. Ulisema tu, "Kama mtu angekumulika hivyo ukiwa umejifungua?" Ukaenda kukaa ndani, sebuleni, mchana kweupe, na aliporudi Simiyu ilibidi yeye ndiye akae jikoni.

Robini alirudi ulipokuwa umeacha kutazama. Mimi nilimwona kutoka dirishani akitua kwenye mpini wa kigari, akageuza kichwa, akaingia. Nilipokuambia ulifunika mdomo kwa leso.

Tangu hapo tukajifunza kazi. Huko wodini nilikuwa na saa nyingi za kukaa tu kando ya kisanduku, na kwenye simu nilikuwa nikitazama Waamerika wanaopiga picha wale ndege wao wadogo wanaovuma mbele ya maua kama nyuki. Viota vyao vinaenea kwenye kifuniko cha chupa, makinda wawili wamebanana humo, midomo juu. Watu wale hawasogei karibu. Wanaweka kamera mbali kwenye stendi, wanatumia lenzi ndefu inayovuta, wanabonyeza kwa simu, na wanakaa kimya mpaka ndege awasahau. Nikafanya hivyo. Dirisha la jikoni linaangalia kibanda sawasawa. Nikafungua kioo kiasi cha lenzi kupita, nikafunika stendi kwa lile blanketi la Bi Nasim, tukakaa kwenye meza.

Lakini mimi nilikuwa nachelewa kila mara. Nilimwona ndege akiwa ameshaingia. Wewe ndiye uliyegundua njia yake: kwanza anatua kwenye ukuta wa Bi Nasim, halafu kwenye kamba ya nguo, halafu mpini wa kigari, halafu ndani. Ulikaa na mikono mapajani, macho kwenye ukuta, na alipofika kamba ya nguo ulisema kwa sauti ya chini, "Sasa." Mimi nabonyeza. Picha zote nzuri mlizoziona kwenye simu zenu zina hiyo sasa ya Mama ndani yake. Ile ya mdudu wa kijani mdomoni, ile ya makinda wanne wamefungua midomo ya njano hadi huwezi kuona vichwa vyao, ile ya robini dume akimlisha mkewe. Mimi nilikuwa kidole tu.

Nilikuuliza siku moja, "Na hawa si watoto pia? Mbona hawa unakubali wapigwe?"

Ulifikiri. "Hawa wako kwao. Wamezaliwa nyumbani." Halafu ukaniambia lile jambo. Shangazi, hapa Mama ameniruhusu, nilimwomba kwa simu kabla ya kuandika.

Ulisema, "Kabla yako kulikuwa na kijana." Nilijua, kama watoto wanavyojua mambo ambayo hayazungumzwi, lakini sikuwahi kuyasikia kinywani mwako. Ulisema mpiga picha alipita wodini pale hospitali akiuliza nani anataka picha ya mtoto. Baba alikuwa na furaha, akampigisha. "Picha ililetwa wiki iliyofuata," ulisema. "Mtoto hakuletwa." Robini aliingia na kutoka, hukusema sasa, nami sikubonyeza. "Iko kwa sanduku. Kwa ukuta siwezi kuiweka, watu watauliza huyu ni nani. Kuchoma siwezi. Mpaka leo sijui niiweke wapi."

Basi ndugu zangu, hilo ndilo jibu. Mama hakukataa mjukuu. Alikataa picha ya pili isiyokuwa na mahali pa kuwekwa. Nilipoelewa, nilizima simu na sikukuonyesha tena.

Tukawa tunaishi hivyo. Asubuhi nakamua maziwa ya mtoto, naenda na basi la Coventry Road, nakaa na Mgeni nimeingiza mkono kwenye tundu la kisanduku, naye ananishika kidole kwa nguvu ambazo hazikulingana na mwili ule. Jioni narudi, wewe unaniuliza, "Amekula?" Nami nakuuliza, "Na wale wamekula?" Tunajibizana, tunakunywa chai. Makinda walikuwa uchi na vipofu mwanzoni, kusema kweli walikuwa wabaya, hata wewe ulisema hivyo. Kisha wakaota vinyoya, wakafungua macho, wakaanza kukanyagana.

Tatizo likawa paka wa Bi Nasim, yule mkubwa wa rangi ya chungwa. Ulimkuta amekaa chini ya kigari akiangalia juu. Kandambili yako ilimkosa, ikagonga ndoo ya rangi, uani kote kukawa kelele. Bi Nasim akatoka. Nilidhani ugomvi umefika, maana yule paka kwake ni kama mjukuu. Akaangalia kibandani, akasikia wale makinda, akambeba paka wake kwapani. "Hii nafungia ndani mpaka watoto natoka," alisema. "Ndege pia iko mama." Tulimwona paka dirishani kwake kila siku baada ya hapo, ametukasirikia sana.

Siku walipoanza kutoka mimi sikuwepo. Hospitali walikuwa wamenipigia kwamba Mgeni amepata maambukizi, anapumua kwa shida, nije. Niliondoka na kandambili za nyumbani miguuni. Nilikaa pale nikiangalia namba kwenye mashine zikipanda na kushuka, na daktari mmoja, mtu mpole, alinieleza mambo kwa utaratibu ambao ulinitisha kuliko kama angepiga kelele. Simiyu alikuja na nguo za kazi. Niliwaza, sasa nitapanda basi lile na kumwambia Mama nini.

Niliporudi kesho yake, dawa zilikuwa zimeanza kushika. Ulikuwa kwenye meza ya jikoni na kamera mbele yako. Ulisema watatu waliondoka mapema, mmoja baada ya mwingine, wakarukaruka chini ya ukuta, na baba yao akawafuata na chakula. Mdogo wao alibaki. Alisimama ukingoni mwa kifuniko jioni ile, hakuruka. Asubuhi alikuwa bado pale. Ulikaa naye mchana wote bila kupika. Simiyu alipokuja kubadilisha nguo alikukuta jikoni, na hukutoka nje kwa sababu ungemtisha kinda. Mkakaa chumba kimoja, yeye akiangalia friji, wewe ukiangalia dirisha.

"Halafu akaenda," uliniambia. "Nimempiga mwenyewe."

Picha ile nimeitengeneza kubwa, iko juu ya kitanda chetu. Ukingo wa kigari umetoka vizuri kabisa, na juu yake kuna ukungu wa kahawia unaotoka nje ya picha. Ndiyo picha mbovu kuliko zote na siiuzi kwa mtu.

Wiki ile ulikiinua kiota kwa mikono miwili ukakiweka kwenye rafu ya kibanda. Ukaosha kigari kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, ukakianika kwenye lile jua dogo la huku, halafu ukakisukuma kupita jikoni hadi sebuleni. Simiyu alikuwa kwenye kochi na soksi moja mguuni. Alisimama.

"Karibu, Mama," alisema. Kwako. Si kwangu.

"Asante, mwanangu."

Mkabaki mmesimama, kigari katikati yenu. Nikasema, "Mama, mtoto bado yuko wodini. Si ulisema kitaingia na mwenyewe?" Ukanijibu kwamba kigari kimeshalea wanne vizuri na wote wametoka wazima, kwa hiyo sasa kinaweza kungojea ndani kama watu wengine. Kisha ukakumbuka ulipo, ukachukua kikombe chako, ukarudi uani upesi.

Tulifikiri utamwona. Kikohozi kiliisha, lakini wodi ikafungiwa wageni kwa sababu ya ugonjwa mwingine, na viza haijui mambo ya wodi. Siku ya mwisho ulitaka tushuke basi karibu na hospitali. Ulisimama kwenye maegesho ya magari, ukaniuliza, "Dirisha gani?" Nikakuonyesha ghorofa ya pili, la tatu kutoka kona. Ulivua kitambaa kichwani ukakishika, ukazungumza na dirisha lile kwa lugha ya nyumbani, muda mrefu, watu wakipita na maua na chupa za maji. Sikusikiliza. Hayo yalikuwa yenu.

Kwenye uwanja wa ndege ulinishika uso. "Akifika usinitumie kwa simu. Sitaki kumwona kwanza mtu anakatikakatika kwa kioo. Nitumie picha ya karatasi."

Mama, alifika. Walituruhusu Jumamosi, bila mrija, bila mashine, na karatasi za dawa ambazo Simiyu amezibandika kwenye friji. Ana mashavu. Analia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Simiyu aliendesha gari la kuazima polepole hivi kwamba mzee mmoja wa baiskeli alitupita. Nilikuwa nimeshaiweka kamera kwenye stendi sebuleni, inaangalia mlango wa mbele, na Bi Nasim amesimama nayo, ameshika simu kwa mikono miwili. "Lini nabonyeza?" aliuliza. Nikamwambia atasikia.

Nilivuka kizingiti na mtoto mikononi. Nilitaka kusema mimi lakini nikachelewa, kama kawaida yangu. Aliyelisema lile neno lako ni Simiyu, nyuma yangu, na begi la maziwa begani, kwa sauti ya chini kama yako. Bi Nasim akabonyeza.

Nimeisafisha picha hiyo dukani Coventry Road, nakala moja tu. Haiko kwenye simu ya mtu yeyote, hata mashangazi wakinuna. Jina lake ni Barasa, kama baba yangu. Mgeni tumemaliza naye. Analala kwenye kigari mchana, pale jikoni, karibu na dirisha, na robini bado anakuja kwenye kamba ya nguo. Mimi nalala, Mama. Nakula. Juzi nilijikuta naimba nikiosha chupa, nikanyamaza kwa mazoea, halafu nikakumbuka kwamba hakuna tena ninachoogopa kukiamsha, nikaendelea.

Ni hayo tu kutoka kwetu. Baki na amani, Mama, na ukifika wakati wa kuja tena, kiti cha plastiki bado kipo, ingawa Simiyu anasema sebuleni pia kuna nafasi. Nilichobakiza ni hiki kimoja. Chini ya picha ya chozi, kulia kwa saa, kuna msumari wa kalenda ya mwaka jana. Hii, pa kuiweka unapajua.

Shangazi, mpe Mama ile bahasha ndogo, kisha ukae chini. Mtu asimsaidie kuifungua.

Mama,

sasa.

Binti yako,
Nanjala, mama Barasa